Elfu Kumi kwa Siku, na Yaliyofichwa Ndani Yake

Mnunuzi wa soko la Owino, hapa Kampala, hana haya. Atalichukua shati, alinyooshe kwenye mwanga, ageuze kola aone kama imeliwa na jasho, apitishe vidole kwapani kutafuta mshono uliofumuka, alinuse, na mwisho kabisa ndipo aulize bei, tena kwa sauti ya mtu asiyelitaka. Shati lenyewe la shilingi elfu saba. Mtu huyohuyo akiitwa kazini, akaambiwa "elfu kumi kwa siku, uje kesho saa moja", atasema "weebale nnyabo", asante mama, na kesho saa moja yupo.

Mpwa wangu alibakiza kidogo tu afanye hivyo. Ametoka Bombo, ana miaka 22, anajua kushona kidogo na kuuza sana, na amefikia kwa shangazi yake Nateete. Jioni moja akanipigia. "Shikamoo mjomba. Nimepata kazi tatu, nichukue ipi?" Marahaba, nikamwambia, mwenye kazi tatu Kampala asijibu yeyote usiku huohuo. Niletee zote tuzigeuze kola.

Ya kwanza ilikuwa kuuza blauzi kwenye mdala, yaani kibanda, wa mivumba, nguo za mitumba, ndani ya Owino: shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, na sahani ya mchana juu ya bosi. Ya pili, keshia katika supamaketi moja mjini: 260,000 kwa mwezi, kwa shifti, "na NSSF". Ya tatu, kibarua kiwandani Namanve kupitia wakala: 11,000 kwa siku, kulipwa kila wiki mbili. Yeye alikuwa ameshaipa ushindi Namanve kwa sababu 11 ni kubwa kuliko 10. Supamaketi aliiweka mwisho, kwani bibi mmoja wa jirani alimwambia kwamba huko "wanakukata".

Kwenye mizani ya mtaani kazi ya kwanza na ya pili ziko sawa kabisa. Siku 26 mara 10,000 ni 260,000. Mwaka mzima, siku 312 za kazi, ni 3,120,000, na supamaketi miezi 12 ni 3,120,000 zilezile. Tofauti zote zinaanzia hapo.

Nianze na kosa ambalo karibu kila mtu wa soko hulifanya, nami nililifanya miaka mingi. Tunadhani likizo, notisi na NSSF ni mali ya watu wa maofisini, kitu anachokuja nacho mwajiri mwenye geti na mlinzi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haiangalii geti. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mama mwenye mdala akisema "uje kesho" na binti akaja, ajira imeshazaliwa, na haki zake zimezaliwa nayo. Biashara za familia sheria imeziacha nje kwa kipimo chake: pale ambapo wafanyakazi wote ni ndugu wanaomtegemea mwenye mali, na hawazidi watano. Ndiyo maana kule Owino utasikia kila msichana ni "mtoto wa dada". Wengine ni watoto wa dada kweli. Wengine dada mwenyewe hajapata kuwaona.

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo ilikuwa na mlango wa kutorokea. Zamani mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya watano hakulazimika kuchangia, na midala mingi ya Owino haina hata watatu. Mlango huo ulifungwa mwanzoni mwa 2022, sheria ya mfuko ilipofanyiwa marekebisho: sasa mwajiri yeyote, hata wa mtu mmoja, anapaswa kuandikisha na kuchangia. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake, mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na zote zifike kwenye mfuko kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Sasa tuifungue ile "wanakukata" ya bibi jirani. Kwenye 260,000 za supamaketi, asilimia 5 ya NSSF ni 13,000. Kodi ya mshahara, PAYE, huanza juu ya 235,000, kwa hiyo inagusa 25,000 tu, kwa asilimia 10: shilingi 2,500. Mkononi zinabaki 244,500. Kuna na kodi ya huduma ya serikali ya mtaa, 10,000 kwa mwaka kwa mtu wa kipato hicho. Ukijumlisha mwaka, keshia anabeba nyumbani 2,924,000. Yule wa mdala anabeba 3,120,000. Amemzidi mwenzake kwa 196,000, na hapo bibi jirani ana haki ya kutabasamu.

Asitabasamu sana. Kwa jina la keshia kila mwezi zimewekwa 39,000: zake 13,000 na za mwajiri 26,000. Kwa mwaka ni 468,000, na 312,000 kati ya hizo hakuzitolea jasho la ziada. Mfuko ulitangaza riba ya asilimia 11.5 kwa mwaka wa fedha 2023/24. Mimi huwa naogopa hesabu za matumaini, basi tuchukue asilimia 10 tu, mshahara usipande hata senti: baada ya miaka 10 akaunti inakaribia 7,460,000. Yeye mwenyewe atakuwa ametoa 1,560,000. Ni kweli hatazigusa kesho. Fedha hizo hutoka ukifika miaka 55, au 50 ukiwa umekaa mwaka mzima bila ajira, na tangu 2022 mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20. Kwa binti wa miaka 22 umri huo ni hadithi. Lakini nimewaona wazee waliouza Owino maisha yao yote wakirudi kijijini na begi la nguo tu, kwa hiyo sina subira na anayesema akiba ya uzeeni ni ya wazungu.

Halafu kuna kupumzika. Sheria inampa mwajiriwa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, akishatimiza miezi sita, pamoja na sikukuu zote za umma. Keshia akienda Bombo kwa wiki tatu na nusu mshahara unamfuata. Muuza blauzi asiyelipwa likizo akienda siku hizohizo, 210,000 zimebaki barabarani. Ziangalie tena zile 196,000 alizomzidi mwenzake. Kwa kupumzika tu kama binadamu, ameshapitwa hata kwa fedha za mkononi.

Ugonjwa ndio mzito zaidi. Mwajiriwa aliyekwisha fanya kazi mwezi mmoja na zaidi akiugua, mwezi wa kwanza wa ugonjwa analipwa mshahara kamili. Akifika mwisho wa mwezi wa pili bado hajapona, mwajiri anaruhusiwa kuachana naye kwa utaratibu. Si mteremko, ila ni mwezi mmoja wa kuugua bila kuuza simu. Malaria ya wiki moja kwa mtu wa kutwa ni 60,000 zilizopotea, kabla hajanunua hata kidonge.

Hapa niseme yaliyonipata, ili mtu asidhani naipigia debe supamaketi. Miaka ya nyuma niliajiriwa na duka moja ambalo sitalitaja. Kila mwezi hati ya mshahara ilionyesha mstari wa NSSF, na fedha ilikatwa. Siku nilipokwenda Workers House pale Pilkington Road kuuliza salio, nikakuta miezi saba mitupu. Asilimia 5 yangu ilikatwa ikaishia njiani, asilimia 10 yao haikutoka kabisa. Zililipwa baadaye, baada ya barua na maneno mengi. Tangu hapo nina imani moja tu kuhusu tangazo linalosema "na NSSF": nitaamini nikiona salio. Leo mambo ni mepesi kuliko enzi zangu, unalitazama kwenye simu. Lichungulie mwezi wa pili, usingoje mwezi wa saba kama mimi.

Basi supamaketi imeshinda? Ngoja. Hatujagusa chakula, nauli wala saa, na hapo ndipo hesabu inaponoga.

Ile sahani ya mchana ya Owino, posho, maharagwe na mboga kidogo, tuipe bei ya 3,000. Kwa siku 312 ni 936,000. Karibu milioni moja! Mpwa wangu hakuwa ameihesabu hata kidogo, alisema "si chakula tu". Sheria haimlazimishi mwajiri kumlisha mtu, kwa hiyo sahani hiyo ni hisani na inaweza kukoma siku biashara ikilala, lakini maadamu ipo ni mshahara. Ukiitia, mdala unafika 4,056,000 kwa mwaka, na supamaketi pamoja na NSSF yake yote ipo kwenye 3,392,000.

Nauli sasa. Owino ukitoka saa moja jioni unavuka tu, teksi za Nateete zipo na bado kuna watu njiani. Shifti ya supamaketi huisha saa nne usiku mara tatu kwa wiki, na msichana wa saa nne usiku hapandi teksi, anapanda boda. Tukadirie boda 5,000 badala ya teksi 2,000. Hiyo ni 9,000 zaidi kila wiki, na kwa mwaka, ukitoa likizo, ni kama 436,000. Yaani karibu akiba yote ya NSSF imekaa nyuma ya pikipiki. Katika hili hakuna sheria itakayokusaidia, ni suala la kuuliza kabla: shifti za usiku ngapi, na je, kuna gari la wafanyakazi?

Lakini swali kubwa kuliko yote ni saa. Mdala unafunguliwa saa moja asubuhi, unafungwa saa moja jioni. Toa saa nzima ya kula, ambayo kwa kweli huliwa vijiko viwili viwili kati ya mteja na mteja. Zinabaki saa 11 kwa siku, 66 kwa wiki. Sheria inasema 48. Pande mbili zikikubaliana zinaweza kupanda hadi 56, na kila saa inayovuka 48 hulipwa mara moja na nusu. Ikiangukia sikukuu, mara mbili. Saa 66 hazimo kwenye kitabu. Ukiigawa 10,000 kwa saa 11, mpwa wangu anauza saa yake kwa shilingi 909. Tia na chakula, ni 1,182. Supamaketi, saa 48 kwa wiki, ni 1,250 kabla hujahesabu likizo. Ukihesabu likizo, sikukuu na NSSF inapita 1,500, na hata boda ikila sehemu yake inabaki juu ya 1,300. Mdala unalipa zaidi kwa mwaka kwa sababu unakula mwaka wenyewe zaidi.

Sasa nieleze jambo lililonishangaza nilipokuwa nikizipiga hesabu hizi nyuma ya bahasha. Tuseme mama wa mdala angefuata sheria. Si kwa ukamilifu wa malaika, ila angefunga kwenye saa 56 na kulipa zile 8 za ziada kwa 1,875 kila moja. Ni 15,000 kwa wiki, 780,000 kwa mwaka. Atie asilimia 10 ya NSSF juu ya zile 3,120,000, nayo ni 312,000. Aendelee na sahani yake. Kazi ya Owino ingefika zaidi ya milioni tano. Ingeipiga supamaketi bila kutoka jasho. Kwa hiyo mtu akikwambia kazi ya soko ni duni kwa asili yake, mwambie si kweli. Inafanywa duni na mambo matatu tu yasiyolipwa: saa, likizo na NSSF.

Kwa mwanamke kuna la nne. Likizo ya uzazi Uganda ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne kati yake ziwe baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Kwa 10,000 kwa siku hiyo ni 600,000. Baba anapata siku nne za kazi. Majirani wamekata vitenge vyao tofauti: Kenya mama ana miezi mitatu na baba wiki mbili, Tanzania mama ana siku 84, na 100 akizaa mapacha, baba siku tatu. Likizo ya mwaka Kenya ni siku 21 za kazi, Tanzania siku 28 zikihesabiwa mfululizo pamoja na Jumapili zake, kwa hiyo zinakaribiana kuliko namba zinavyosema. Mchango wa NSSF ya Tanzania ni asilimia 20 kwa jumla. Nimeyataja haya kwa sababu nusu ya watu wa Owino wana ndugu Nairobi au Mwanza, na kila mmoja huapa kwamba kule kwa mwenzake ni bora.

Ukitaka kuona mbali zaidi, tazama Meksiko. Kule matangazo ya kazi huandika maneno matatu, prestaciones de ley, maana yake "tunatoa yale ya kisheria", na msomaji anajua ni yapi bila kuelezwa: kuandikishwa kwenye hifadhi ya jamii, likizo, nyongeza ya asilimia 25 juu ya mshahara wa siku za likizo, na ile wanayoisubiri watoto, aguinaldo, mshahara wa siku zisizopungua 15 unaolipwa kabla ya tarehe 20 Desemba. Bonasi ya Krismasi kwa amri ya sheria! Hapa kwetu Krismasi ya mfanyakazi wa mdala ni kilo mbili za nyama na sukari, bosi akiwa na moyo. Lakini usikimbilie kuwaonea wivu kwa kila kitu. Likizo ya mwaka wa kwanza Meksiko ilikuwa siku 6, na ilipanda hadi 12 mwaka 2023 tu. Sisi tuna 21 tangu 2006. Kwa karatasi, muuza blauzi wa Owino anapumzika zaidi kuliko mwenzake wa Mexico City. Kinachowatofautisha ni kwamba yule anajua, na huuliza siku ya kwanza.

Kuna pia ambayo sheria yetu haitoi, na ni vizuri kuyajua usije ukagombana bure. Kima cha chini cha mshahara kipo, ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984 na hakijaguswa; kwa fedha hiyo leo unakula mara mbili pale Owino, bila soda. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, rais akakataa kuutia saini. Bima ya matibabu si haki: muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa bungeni 2021 na haukuwa sheria. Kwa hiyo supamaketi ikikupa kadi ya hospitali, hiyo ni nyama juu ya ugali, ihesabu kama mshahara. Ajali ya kazini ni jambo jingine. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamdai mwajiri, awe na bima au asiwe nayo, na inamgusa wa mdala aliyeangukiwa na robota kama inavyomgusa wa mashine.

Namanve sitakaa nayo sana. Kibarua ana kinga moja ambayo wengi hawaijui: hawezi kubaki kibarua zaidi ya miezi minne. Akivuka hapo, kanuni za 2011 zinamtaka mwajiri ampe mkataba wa maandishi na haki zote zinazoendana nao. Matokeo yake ni mchezo wa kuwapumzisha watu wiki mbili mwezi wa tatu ukiisha, kisha kuwaita tena kama wageni. Elfu moja ile ya ziada kwa siku inaliwa na nauli ya kutoka Nateete hadi upande wa pili wa jiji, asubuhi na jioni. Niliiweka kando ndani ya dakika tano, na mpwa wangu, baada ya kununa kidogo, naye akaiweka.

Swali lake lililofuata lilikuwa zuri. "Mjomba, supamaketi si itadumu? Owino huungua." Kweli huungua. Soko lile, ambalo jina lake la kiserikali ni la shahidi Yosefu Mukasa Balikuddembe aliyeuawa mwaka 1885, lilifunguliwa 1971, na watu wazima wote wa mjini wanaukumbuka moto wa 2009, wa 2011 na wa 2013. Mdala ukiungua, kutwa ya mfanyakazi inaungua usiku uleule. Lakini majina makubwa ya supamaketi nayo hufa, bila moshi. Uchumi ilifunga Uganda 2015, Nakumatt ikafuata, Shoprite ikaondoka 2021. Keshia wa huko alibaki na nini? Kwanza, NSSF iliyokuwa imeshalipwa, kwa sababu ile haiko kwa mwajiri, iko kwa jina lake na inamfuata popote. Pili, madai ya notisi: wiki mbili kwa aliyepita miezi sita, mwezi mmoja kwa aliyetimiza mwaka hadi miaka mitano, miwili hadi miaka 10, mitatu zaidi ya hapo. Wa mdala aliyefukuzwa bila hatia ana madai yaleyale. Anapaswa kumfikia ofisa wa kazi wa KCCA, mamlaka ya jiji, kabla ya miezi mitatu kupita tangu afukuzwe. Tatizo lake ni ushahidi. Ofisa atamuuliza: ulianza lini, ulilipwa ngapi? Na bosi atasema: huyu simjui, alikuwa akipita.

Kwa hiyo nilimpa mpwa wangu kazi ya nyumbani. Awe na daftari. Kila siku aandike saa aliyoingia, aliyotoka na alicholipwa. Aombe walau malipo ya Jumamosi yapitie kwenye simu, kwa kuwa ujumbe wa fedha za simu una tarehe, kiasi na jina la aliyetuma, na hauna woga. Na amwombe bosi amwandikie masharti kwenye karatasi, kwani hilo pia ni haki. Ndugu zetu Wakongo wa pale Owino, ambao wengi ni wakimbizi, wasijitoe kwenye orodha: Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kuajiriwa, na Sheria ya Ajira haimuulizi mtu alizaliwa wapi.

Mimi ningemwambia achukue supamaketi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanikatiza: "Mjomba, huko nitajifunza kupitisha bidhaa kwenye mashine. Kwa yule mama nitajifunza kufungua robota na kujua ipi ya kupanga mbele." Sikuwa na hesabu ya hilo. Miaka miwili ya kuujua mzigo, wateja na wauzaji wa jumla ni mtaji, na hakuna fomu inayouonyesha. Basi tukakubaliana twende Owino Jumatatu mchana, biashara ikiwa imepoa, tukaone kama mdala unaweza kunyooshwa kidogo.

Mama tulimkuta amekaa juu ya robota ambalo halijafunguliwa, akikunja blauzi. Tukasalimiana kwa kirefu, tukaulizana za nyumbani. Nikamweleza kwamba NSSF ya msichana wake ni shilingi 1,000 kwa siku kutoka kwake na 500 kutoka kwa msichana. Akaacha kukunja.

"Elfu moja tu? Nilidhani wanachukua nusu ya duka." Kisha akacheka. "Na hizo fomu atajaza nani, ssebo? Mimi nijiandikishe halafu URA nao waje kunisalimia?"

Nikamwambia fomu nitajaza mimi, na kuhusu URA, watu wa kodi, sina la kumdanganya, wanaweza kuja. Akalifikiri hilo akipangusa vumbi kwenye blauzi ya bluu. Mpwa wangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema yeye anaomba pia atoke saa kumi na moja.

"Saa kumi na moja!" Mama akawaangalia jirani zake wa midala ya pembeni kama anaomba mashahidi. "Saa kumi na moja ndipo wafanyakazi wa maofisi wanapopita hapa. Saa kumi na mbili kamili, aende. Na Jumamosi simwachii, Jumamosi ndiyo inayonilipia kodi."

Mpwa wangu akanitazama. Akavuta stuli, akakaa, akachukua blauzi moja kwenye rundo na kuanza kuikunja huku akisema, "Mama, tuzungumze hiyo Jumamosi."